Maswali ya wasomaji: Mbona mbegu zangu hazioti?

SWALI: Habari za kazi. Mimi nasia mbegu za hoho ndani kwenye vikopo, namwagilia asubuhi na jioni bila kukosa hata siku moja, lakini naambulia mche mmoja au nisipate kabisa. Nimeshabadilisha pakiti za mbegu bado mambo ni yale yale. Nauziwa mbegu feki au nina mkono mbaya?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, mkono wako hauna shida na mbegu zenyewe inawezekana kabisa zilikuwa nzima. Tatizo umelitaja mwenyewe hapo uliposema asubuhi na jioni bila kukosa. Watu wengi tunadhani mbegu inataka maji tu, kumbe inataka maji, joto na HEWA, na hiyo hewa ndo inayosahaulika. Mbegu kavu ni kitu hai kilicholala, ikishanyonya maji inavimba, inaamka na kuanza kupumua kwa nguvu manake inatumia akiba ya chakula iliyomo ndani yake ili itoe mzizi, na kazi hiyo haifanyiki bila oksijeni. Sasa udongo ukilowa chapachapa vile vinafasi vya hewa vyote vinajaa maji, mbegu inakosa pumzi, inaoza hapo hapo chini na wewe huku juu unaona kimya tu unazidi kumwagilia.

Fanya hivi. Chukua udongo uliochanganywa na mboji iliyoiva vizuri na mchanga kidogo, au kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) kama unaipata, ulowanishe KABLA ya kusia, ufinye mkononi: ukishikamana bila kuchuruzisha maji, hapo panatosha. Vikopo viwe na matundu chini, hili halina mjadala. Kina cha kufukia ni kama mara mbili au tatu ya unene wa mbegu, kwa hoho nusu sentimita inatosha kabisa, usiizike kama mahindi. Funika juu na nailoni angavu ili unyevu usipotee, na ukifunika hivyo unaweza kukaa siku kadhaa bila kugusa maji, juu pakianza kukauka unapulizia kidogo na chupa ya spreya basi. Ila kikopo chenye nailoni usikiweke kwenye jua la moja kwa moja, ndani patachemka na mbegu zitaiva. Zikichomoza tu nailoni inatoka.

Afu kuna joto. Hoho na pilipili zote zinapenda udongo wa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, hapo zinaweza kutokeza ndani ya wiki moja hadi mbili, lakini udongo ukiwa nyuzi 15 hivi zinakaa wiki nyingi au zinaoza kabla hazijaamka. Joto ninalosema ni la udongo sio la chumba, na kikopo kilicholowa kikiwa juu ya sakafu ya saruji kinakuwa baridi kuliko unavyofikiri, kinyanyue ukiweke mahali penye uvuguvugu. Na tafadhali usifukuefukue kuangalia zimefikia wapi, ule mzizi wa kwanza ni laini mno, ukiukata umeua mche.

SWALI: Nimekuta pakiti za mbegu za nyanya na vitunguu zimekaa kabatini muda mrefu, tarehe imepita. Nitupe?

JIBU: Usitupe kabla hujapima, kupima ni rahisi na mi naona kila mtu angekuwa anapima hata mbegu mpya. Chukua mbegu 10, zipange kwenye tishu nzito iliyolowana (iminye kwanza isidondoshe maji), ikunje, iingize kwenye mfuko wa nailoni bila kuubana kabisa, weka penye joto. Kila siku moja mbili fungua uangalie. Kwa nyanya wiki moja hadi siku kumi inatosha kujua. Zikiota 8 una mbegu nzuri, zikiota 4 au 5 sia nyingi zaidi, ikiota moja au isiote hata moja hapo sasa ndo utupe.

Nyanya zinavumilia, zikihifadhiwa kavu zinafika miaka minne mitano na zaidi. Vitunguu ni tofauti kabisa, mbegu zake zinazeeka haraka, baada ya mwaka mmoja au miwili uotaji unashuka sana kwa hiyo hizo usizitarajie makubwa. Na kinachoua mbegu kabatini sio tarehe iliyoandikwa, ni unyevu na joto. Wataalamu wa mbegu wana kanuni ya Harrington inayosema, kwa makadirio, ukipunguza unyevu wa mbegu kwa asilimia 1 umri wake unaongezeka maradufu, na ukipunguza joto kwa nyuzi 5 unaongezeka maradufu tena. Ndo maana ile hazina ya mbegu ya dunia kule Svalbard, Norwe, iliyofunguliwa mwaka 2008, inazitunza kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Na pale Masada, Israeli, zilichimbuliwa kokwa za tende za kale sana, moja ikapandwa mwaka 2005 ikaota ikiwa na umri wa karibu miaka 2,000! Ukame wa jangwa ulizitunza. Wewe kwako tumia chupa kavu yenye kifuniko kinachobana, weka mahali pa baridi pasipo na mwanga, inatosha.

SWALI: Mbegu za papai nilizotoa kwenye tunda mwenyewe nimezipanda mbichi hazioti.

JIBU: Ule utelezi unaoizunguka mbegu ya papai una vitu vinavyozuia isiote, ndo ulinzi wake isichipue ikiwa bado ndani ya tunda. Zisugue kwenye chujio huku unamwagia maji mpaka utelezi wote utoke, zianike kivulini, ndo usie. Hata hivyo papai lina haraka ndogo, wiki mbili hadi nne au zaidi ni kawaida. Nyanya nazo zina utelezi, hizo unaziacha na maji yake kwenye kikombe siku mbili tatu zichachuke kidogo, unaosha, unakausha.

SWALI: Zangu zinaota vizuri tu, nafurahi, afu baada ya siku chache miche inalala chini, shina limenyauka pale usawa wa udongo. Nawapa maji zaidi lakini wapi.

JIBU: Dada yangu ACHA maji leo hii. Hicho ni kinyausi, ugonjwa unaoletwa na vimelea vya ukungu vinavyoishi kwenye udongo, kina Pythium na Rhizoctonia, na vinastawi panapokuwa na maji mengi, hewa haipiti na miche imesongamana. Mche ukishaanguka hivyo hauponi, inauma lakini uondoe pamoja na udongo ulioshikana nao ili uwaokoe wenzake. Waliobaki wape nafasi, fungua dirisha, maji wanyonye kutokea chini kwa kuweka trei kwenye beseni lenye maji kidogo kisha unaitoa, usiiache imo humo. Awamu ijayo osha vyombo vizuri, tumia udongo mpya, na samadi ambayo haijaoza usiilete karibu na kitalu.

Ila kama miche yako ilikuwa mirefu, myembamba na imepauka kabla ya kuanguka basi hapo kuna na njaa ya mwanga pia. Siku mbegu inachomoza ndo siku hiyo hiyo inataka mwanga mwingi, sio wiki ijayo.

SWALI: Nikiotesha kwenye tishu nihamishe lini, na nitajuaje sijauumiza mzizi?

JIBU: Mzizi ukifika nusu sentimita hivi hamisha, usingoje ukue mrefu maana unajipenyeza kwenye tishu. Ukishajipenyeza usivute, kata kipande cha tishu kinachouzunguka, panda pamoja nacho, kitaozea udongoni. Shika kwenye ganda la mbegu, kamwe usishike mzizi, tengeneza kishimo kwa kijiti, ncha ya mzizi ielekee chini, funika kidogo bila kushindilia. Ukikosea upande usiogope sana, mzizi unajua kujigeuza kufuata chini, unachelewa tu.

Wakati mwingine mche unatoka ukiwa bado umevaa ganda kichwani na majani ya kwanza yamebanwa humo. Usilibandue likiwa kavu, utang'oa na majani. Weka tone la maji juu yake, subiri lilainike, rudia jioni, kwa kawaida linateleza lenyewe, na lisipotoka kufikia kesho yake lisukume taratibu kwa ncha ya kijiti cha meno.