Hapa, Huku na Humu: Mchoraji na Mada ya Nafasi

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sanaa za ufundi katika chuo kimoja hapa Tanga. Mwalimu wetu ametupa kazi ya kuonyesha nafasi za aina tatu: nafasi inayogusika, nafasi ya mtu binafsi, na nafasi pepe, yaani ile ya mtandaoni. Nilichora chumba changu, sura yangu mwenyewe, na mkono ulioshika simu. Mwalimu alizirudisha picha zote tatu akisema kwamba nimechora vitu, sikuchora nafasi. Je, nafasi yenyewe huchorwaje, ilhali haionekani? Na je, sisi tunacho chetu cha kuanzia, au haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amesema kweli, ingawa angekueleza zaidi asingepungukiwa na kitu, kwa sababu neno alilokupa ni gumu. Mtu akikuambia "sina nafasi", huenda ana nyumba ya vyumba sita vitupu, ila muda wa kukaa nawe ndio hana. Nakushauri uliweke neno hilo kando kwanza, uanze na kitu tunachokitumia kila siku bila kukitazama: hapa, huku na humu. Nyumba ile ile moja tunaweza kusema nyumbani pana watu, nyumbani kuna watu, au nyumbani mna watu, na kila mara msikilizaji mwenye sikio zuri huelewa jambo tofauti. La kwanza huonyesha mahali unapoweza kupanyooshea kidole. La pili hufungua eneo lisilo na mpaka dhahiri. La tatu humtia mtu ndani. Nyumba haikusogea hata kidogo, aliyesogea ni msemaji. Wewe ulidhani nafasi tatu ni mahali patatu, ukazitafutia vitu vitatu vya kuziwakilisha.

Chukua kwanza nafasi ya kugusika. Mwaka 1993 mchongaji Mwingereza Rachel Whiteread alipewa nyumba iliyokuwa ikingojea kubomolewa katika barabara ya Grove Road, mashariki mwa London, akazipulizia zege kuta zake kwa ndani, kisha akayaondoa matofali ya nje. Kilichobaki kimesimama pale kilikuwa ile hewa ya vyumbani iliyogeuka jiwe: meko zilizokuwa zimeingia ukutani sasa zilitokeza nje kama matumbo, na milango haikupitika tena. Kazi hiyo ilizua ugomvi mkubwa magazetini, na Januari 1994 ikabomolewa. Nakutajia kwa sababu inalijibu swali lako waziwazi, na unaweza kuijaribu kwa kiasi chako: mimina plasta ndani ya boksi la viatu, ingoje ikauke, kisha lichane boksi. Utakachokishika mkononi ndicho mwalimu alichokuwa akikitafuta.

Hata hivyo, huna haja ya kufika London. Nyumba ya mawe ya Lamu ilijengwa na mafundi waliolifikiria jambo hili kwa kina kuliko wachoraji wengi ninaowafahamu. Mgeni huanzia kwenye daka, ukumbi mdogo wa mbele wenye mabaraza ya kukalia, ambapo hata asiyeruhusiwa kuingia hukaribishwa; akivuka mlango hukuta tekani, yaani kijia cha kuingilia ndani, iliyopindishwa makusudi ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani; baada ya kiwanda, ambacho ni ua ulio wazi kwa mbingu, hufuata msana wa tini na msana wa yuu, yaani kumbi mbili ndefu, ya chini na ya juu, kisha ndani kwenyewe, na kila hatua ya kuelekea huko sakafu hupanda kidogo, hivi kwamba mguu hujua umeingia kwenye siri ya wenyewe kabla kichwa hakijajua. Ukutani mna zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vilivyochongwa kwenye chokaa, na ukizitazama kwa mwanga hafifu utadhani ukuta ule mnene wa matumbawe una vyumba vingine nyuma yake. Kama ningekuwa mwalimu wako, ningewapeleka wanafunzi wote wakazichore zidaka kwa juma zima kabla ya kuwapa kazi nyingine yoyote.

Kuhusu nafasi ya mtu binafsi, utakutana na vitabu vinavyoipima kwa sentimita. Mwanaanthropolojia Mmarekani Edward T. Hall aliandika mwaka 1966 kwamba umbali wa watu wa karibu sana huishia kwenye kiasi cha sentimita 45, na umbali wa mtu binafsi kwenye kiasi cha sentimita 120, na yeye mwenyewe alikiri kwamba vipimo hivyo ni vya Wamarekani aliowachunguza. Ndani ya daladala ya saa moja asubuhi vipimo hivyo havina kazi, lakini mtu bado ana nafasi yake, naye huilinda kwa kugeuza uso tu. Sisi mpaka wa mtu tunauweka zaidi kwa sauti kuliko kwa umbali: hodi ni ukuta uliojengwa kwa neno moja, na karibu ni mlango wake.

Tena tunayo kanga. Mafundi na wauzaji huigawa sehemu tatu, nazo ni pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa. Lisikilize hilo neno "mji": katikati ya nguo anayojifunga mwanamke pana mji, na pindo ndiyo mipaka yake. Jina nalo limeandikwa lisomwe na mtu aliyesimama mbali, huenda jirani aliyekusudiwa hasa, bila aliyeivaa kufungua kinywa. Kumbe nafasi ya mtu haiishii kwenye ngozi yake, wala si lazima iwe ya kujificha. Yaweza kutoka nje ikamfuata mwingine hadi mlangoni kwake. Sura yako uliyoichora haikusema lolote kati ya hayo, kwa kuwa uliikata shingoni ukaiacha ikielea kwenye karatasi nyeupe.

Nafasi pepe ina umri mkubwa kuliko hiyo simu uliyoichora. Katika miaka ya 1990, wapigapicha waliokuwa na vibanda karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, walipamba kuta zao kwa ndege, meli na majiji ya mbali, na vijana waliotoka bara kutafuta kazi wakasimama mbele yake wakapigwa picha za kupeleka nyumbani. Aliyeitazama picha alijua fika kwamba ile ndege ni karatasi na rangi, na bado alifurahi kumwona mtoto wake yuko huko. Mwezi Novemba 1980, wasanii wa Marekani Kit Galloway na Sherrie Rabinowitz walikuwa wameunganisha kwa setilaiti barabara moja ya New York na nyingine ya Los Angeles kwa jioni tatu, wapita njia wa miji hiyo wakaonana ukubwa wao halisi na kuzungumza. Jioni ya kwanza hapakuwa na maelezo yoyote. Kufikia ya tatu, jamaa waliokuwa hawajaonana miaka mingi walikuja kwa miadi.

Sasa tazama tunavyosalimiana kwenye makundi ya WhatsApp: "Habari za humu?" Mtandao hauna kuta, nasi tungetarajiwa kuuita huko, lakini tumeufanya chumba, tukauwekea humu. Anza na hilo. Acha vitu vitatu, chukua mahali pamoja, tuseme kizingiti cha chumba chako, ukichore mara tatu: kwanza kama pahali, kisha kama mtu aliye nje anavyokuwazia huko, kisha kama wewe uliye humo.

SWALI: Assalamu aleikum. Binti yangu anapiga picha za chumbani mwetu, kitanda na kanga zilizoanikwa kwenye kamba, anaziweka Instagram akisema ni mradi wa sanaa. Majirani wameanza kuniuliza. Je, nimkataze? (Mama wa Mombasa)

JIBU: Waaleikumu salaam, dada yangu. Mimi nisingemkataza. Amekichukua cha ndani akakileta dakani, na wasanii wamefanya hivyo siku zote. Ningemtaka tu apige hodi kwa kila mwenye kitu kinachoonekana pichani kabla ya kukirusha. Kitanda kama ni chake, shauri yake. Kanga ni zako, na majina yake yanasomeka. Lile usilotaka jirani alisome, mwambie aligeuze upande wa pili.