Usiibandue picha hiyo, dada: kichwa changu kilibaki kwenye kioo

Dada, epua kwanza hayo maji. Umeandika kwamba picha yako ya darasa la sita ya mwaka 1990 imegandamana na kioo cha fremu, kwamba Jumamosi utailoweka katika maji ya moto ili ibanduke, na kwamba baada ya hapo utampelekea fundi wa kompyuta akuondolee mabaka ambayo mama alikuachia kichwani kwa mkasi, ili ipendeze ukutani siku ya shughuli yake ya kutimiza miaka 70. Nimesoma tumbo likanikata. Hayo yote mawili nimeyafanya mimi, kwa mpangilio huohuo, na leo kichwa changu cha utotoni hakipo kwenye karatasi wala hakipo kwenye kioo.

Picha yangu ilipigwa mwaka 1988, nilipokuwa darasa la tano katika shule moja ya msingi upande wa Igombe, Mwanza. Ujio wa mpiga picha ulitangazwa mstarini siku moja kabla, na jioni ile kila nyumba yenye mwanafunzi iligeuka kuwa kinyozi. Hapakuwa na suala la kuchagua mtindo, kwa sababu wavulana na wasichana wote tulitakiwa kuwa na nywele fupi, na mwalimu wa zamu akikukuta na nywele za kushikika Jumatatu alikupitishia mkasi katikati ya kichwa, ukarudi nyumbani na barabara ili mzazi wako amalizie mwenyewe. Waliokuwa na wembe mpya walilowekwa kichwa kwa povu la sabuni ya mche, wembe ukabanwa juu ya kitana, na mtoto akatoka na upara uliong'aa kama jiwe la ziwani. Kwetu wembe uliokuwapo ulikuwa umekwisha makali kwenye ndevu za babu, kwa hiyo bibi alichukua mkasi wa mjomba wa kukatia nyuzi za nyavu, mkasi ambao hata ukioshwa mara tatu bado ulinuka dagaa.

Bibi alikuwa mashoto. Mkasi wa kawaida hutengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia, na ukiubana kwa mkono wa kushoto makali yake huachana kidogo, nywele zikajikunja katikati badala ya kukatika. Basi alilazimika kuvuta na kukata, kuvuta na kukata, huku kichwa changu kikiwa kimebanwa kati ya magoti yake, koroboi ikifuka moshi kwenye kigoda cha pembeni, na kila nilipotikisika akanigonga utosini kwa kifundo cha kidole na kuniambia nitulie, tayari amemaliza. Alikuwa hajamaliza. Kesho yake nilikuwa na ngazi tatu zilizopangana juu ya sikio la kulia, na mbele kishungi cha upana wa vidole viwili ambacho mwenyewe alikiita denge, ingawa denge ni duara la nywele linaloachwa juu baada ya pembeni kunyolewa kote, na changu kilifanana zaidi na tuta la viazi lililosahauliwa wakati wa palizi. Mpiga picha alitupiga kwa makundi ya watoto wanane wanane ili asimalize filamu, na rafiki yangu aliyesimama kulia kwangu ndiye pekee ambaye hakuitazama kamera, kwa kuwa alikuwa anakitazama kichwa changu.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu. Picha hiyo ilitundikwa miaka mingi kwenye ukuta wa nyumba yetu ya Kirumba, ukuta ambao kila masika hutoa unyevu kama mtungi, na mwaka 2016 nilipotaka kuihamisha nikakuta imeshikana na kioo. Shemeji yangu, ambaye ana jibu la kila jambo isipokuwa madeni yake, aliniambia kwamba maji ya moto hubandua kila kitu, hata stempu ya barua. Stempu, ndiyo. Picha ya zamani haifanani na stempu, kwa maana taswira yenyewe haimo ndani ya karatasi, bali imo katika tabaka jembamba la gelatini lililopakwa juu yake, na gelatini hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe: ni kitu kilekile kinachougandisha mchuzi wa kongoro ukilala usiku. Unyevu ndio unaolilainisha tabaka hilo likashikana na kioo. Mchuzi ulioganda ukiurudisha jikoni unajua kinachotokea, na ndicho kilichotokea kwenye beseni langu. Dakika chache za mwanzo nilifurahi, kwa sababu karatasi ilianza kuachia yenyewe kwenye kona. Nikaivuta, nayo ikaja nyeupe. Uso wangu, shingo na bega la rafiki yangu vilibaki kwenye kioo kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, na nilipojaribu kuunyoosha utando huo kwa kidole ukajikunja kuwa uzi mmoja mweusi. Nywele zangu zote za mwaka 1988 zilitosha kwenye ncha ya kidole cha shahada.

Nikaenda kwa fundi, na hapo ndipo hasira yangu inapopanda hadi leo. Kijana yule alichukua shilingi 30,000 na kuniahidi kuirudisha picha kama ilivyokuwa, ilhali hakuwahi kuiona ilivyokuwa, wala hakuniuliza hata swali moja kuhusu kichwa changu. Baada ya wiki mbili akanikabidhi mtoto mwenye nywele zilizochongwa mstari ulionyooka kwenye paji la uso, mtoto aliyetoka saluni yenye kiyoyozi na feni mbili, amevaa shati la shule lililopauka na amesimama Igombe, mwaka 1988. Masikio hayakuwa yangu. Nilipolalamika alinijibu, "Lakini mzee, si umependeza?" Nimependeza kweli, kwa mara ya kwanza maishani, na ndugu zangu wananiuliza huyo ni mtoto wa nani. Bibi alifariki mwaka 1994 bila kupigwa picha hata moja, na ngazi zile tatu ndizo zilizokuwa zimebaki za mkono wake wa kushoto.

Kwa hiyo nakuomba ufanye jambo moja tu kabla ya yote: nakili picha ikiwa ndani ya kioo chake, palepale ilipo. Futa kioo upande wa nje kwa kitambaa kikavu, usipulize maji wala spiriti. Ilaze mezani karibu na dirisha, mwanga uingie kwa ubavu, uzime taa ya simu, kisha mtu akushikie kaniki au kitambaa chochote cheusi nyuma na juu yako ili kioo kisikurudishie uso wako na dari. Simu iwe sambamba na picha, upige nyingi, na uzitume kwa watu wawili siku hiyohiyo. Penye skana, kioo kilazwe kifudifudi kama kilivyo, pamoja na picha yake. Ukishapata nakala, huyo fundi mpe nakala, akuvike hata taji; ile ya asili iache na kioo chake, wazeeke pamoja, mbali na ukuta wenye unyevu. Na hayo mabaka ya mkasi wa mama, siku ya mama mwenyewe, unayafuta ya nini?

Uliuliza pia majina ya mitindo. Huyo mwalimu wa kike uliyenieleza habari zake, mwenye nywele za mawimbi zinazong'aa na kola iliyolowa mafuta, hiyo ilikuwa kalikiti. Mengine uliyouliza nimeyasahau, na sirudi juu kuyasoma kabla hujaniambia kwamba nakala umeshaipiga.

Mimi mwaka jana nilivuka hadi Nansio, kisiwani Ukerewe, kumtafuta yule rafiki aliyekuwa akinicheka, nikitumaini nakala yake. Anayo. Ila mama yake aliikata kwa mkasi zamani ili mwanawe pekee aingie kwenye fremu ndogo ya juu ya kabati, na pembeni mwa shavu lake limebaki sikio langu la kulia pamoja na ngazi moja, ile ya chini. Imeshikana na kioo. Nilitoa simu nikaipiga hapohapo juu ya kabati, na fremu yenyewe sikuigusa.