"Saa 6" katika daftari langu: kwa mnaoanza kutafiti michezo ya jukwaani ya wakati wa vita

Wadogo zangu mnaoingia kwenye utafiti wa michezo ya kuigiza ya Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, kabla hamjafungua sanduku la kwanza la nyaraka, amueni mtaandikaje saa.

Mimi sikuamua. Mwaka wa kwanza niliandika kila kitu kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ninayofikiria nayo. Kwenye tangazo la jumba moja la maonyesho la mkoani onyesho lilianza jioni, nami nikanakili tarakimu kama ilivyochapwa: 6. Miezi baadaye nikalisoma daftari Kiswahili: saa sita, mchana. Nikaandika kurasa nne kuhusu maonyesho ya mchana kwa wafanyakazi wa viwandani. Hoja ilikaa vizuri, kwa kuwa mwaka 1940 mwigizaji Donald Wolfit aliigiza kweli michezo ya Shakespeare mjini London wakati wa chakula cha mchana, mashambulizi ya ndege yakiendelea. Msimamizi wangu aliponiuliza nimeiona wapi saa ile, nilirudi kwenye sanduku. Kurasa zote nne zilikwenda. Tangu siku hiyo naandika "saa 12 jioni (6)", kila mara, hata nikiwa na haraka.

Nasisitiza saa kwa sababu vita viliyafikia majumba haya ya mikoani kupitia saa kabla ya kitu kingine. Septemba 1939 serikali ilifunga kumbi zote za maonyesho, kisha zikaruhusiwa kufunguliwa tena muda mfupi baadaye. Zilifunguka ndani ya giza: taa za barabarani zimezimwa, madirisha yamezibwa. Mtu alitaka kufika kwake kabla usafiri haujakatika, hivyo mapazia yakafunguliwa mapema. Lakini msikimbilie kuandika kwamba watazamaji walirudi wakipapasa kuta. Tazameni kwanza ni mwezi gani wa mwaka. Kiangazi cha 1941 saa za Uingereza zilikuwa mbele kwa saa mbili kuliko saa za kawaida (GMT), na jioni ya Juni ilikuwa nyeupe kabisa mchezo ulipokwisha.

Jambo la pili ni ramani. Tuliozoea kuiona London kama kitovu hupotea hapa. Kundi la Old Vic, kundi mashuhuri la michezo ya kuigiza la London, lilihamishia makao yake Burnley, mji wa viwanda vya pamba huko Lancashire, na kutoka huko likawa linazunguka. Jumba lao la London lilipigwa bomu Mei 1941. Mwigizaji Sybil Thorndike na mumewe Lewis Casson waliipeleka Macbeth, mchezo wa Shakespeare, kwenye vijiji vya wachimba makaa ya mawe vya Wales, kwa msaada wa CEMA, baraza la kuendeleza muziki na sanaa lililoanzishwa 1940 na ambalo mwaka 1946 lilikuja kuwa Baraza la Sanaa. Mimi hunigusa sana, mwigizaji mkubwa kama yule kushuka kwenye ukumbi wa kijiji akiwa na mavazi machache na mandhari ya kubebeka. Mkifika hapo msiharakishe. Ulizeni vitu vilisafirije, nani alivipakua, walilala wapi.

Mavazi nayo yana tarehe: mgao wa nguo kwa kuponi ulianza 1 Juni 1941. Mkiona kundi linarudiarudia mavazi baada ya hapo, msiseme upesi kwamba ni mtindo wa mwongozaji.

Kisha, programu iliyochapwa ni ahadi tu. Inasema mchezo ulipangwa, haisemi ulichezwa. Garimoshi lilichelewa, mwigizaji aliitwa jeshini, jina likabaki kwenye karatasi. Mimi sasa naomba kwanza daftari la mapato ya mlangoni, kama limehifadhiwa, halafu gazeti la mji la wiki ileile. Tiketi zikiwa zimeuzwa Jumanne na gazeti likamtaja aliyecheza, hapo naandika.

Programu yenyewe msiirudishe bila kusoma maandishi madogo. Humo mara nyingi mtakuta tangazo la king'ora cha mashambulizi ya ndege: kwamba watazamaji watajulishwa kutoka jukwaani, anayetaka kuondoka aondoke kwa utulivu, na mchezo utaendelea. Linakilini neno kwa neno, pamoja na tarehe. Maneno yake hubadilika msimu hadi msimu, na mkiyapanga kwa mfuatano mtaona mji unavyozoea hofu.