Kwa mnaoanza kazi kwenye maghala ya korosho: tazameni taarifa mbaya inavyopokelewa

Wadogo zangu mnaoripoti Masasi, Newala, Nachingwea na kwingineko msimu ukikaribia, karibuni. Mizani mtafundishwa, vitabu mtafundishwa, na muda si mrefu mtakuwa mnachoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, kwenye gunia bila kufikiri. Ambacho hakuna atakayewakalisha chini kuwaeleza ni tabia ya ofisi mliyoingia, na tabia zenu wenyewe.

Ukutani mtakuta maandishi: uwazi, uwajibikaji, mkulima kwanza. Yasomeni, mwendelee na kazi. Edgar Schein, aliyekuwa profesa wa MIT kule Marekani, aliugawa utamaduni wa taasisi katika tabaka tatu: yanayoonekana kwa macho, yanayotangazwa kuwa ndiyo maadili, na yale ambayo watu wameyazoea hata hawayasemi. Hili la tatu ndilo linaloendesha ghala, na huonekana siku mambo yanapoharibika.

Chukulia lori limeshusha mzigo wa AMCOS fulani, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Karani anachoma bambo, anazikata punje kwa kisu, anakuta ukungu. Karatasi inasema daraja la kwanza. Jioni imeingia, mnada uko karibu, katibu wa chama yuko nje anasubiri. Karani anamwendea msimamizi: "Bosi, mzigo huu una shida." Hapo mtazame msimamizi. Akiguna, "Kila siku wewe tu ndiye unayeona shida," karani kesho atanyamaza, na vibarua waliokuwa wakisikiliza nao wameshaelewa. Akiinuka, akaagiza magunia mengine yachomwe na katibu aitwe ashuhudie, hilo nalo wamelielewa. Schein alisisitiza hivyo hivyo: watumishi hujifunza kwa kuangalia kiongozi anafuatilia nini, anapima nini, na anafanya nini mambo yakiwa magumu.

Hasara ya kunyamaza si ndogo. Tangu stakabadhi ghalani ianze kutumika kwenye korosho mwaka 2007, mkulima anakabidhi mzigo anabaki na karatasi, fedha inakuja baada ya mnada. Karani akinyamaza, mnunuzi ndiye atakayegundua, na doa litawapaka hata wakulima walioanika vizuri.

Sasa upande wenu. Mwaka 1955 Joseph Luft na Harrington Ingham walichora dirisha la vyumba vinne kuonyesha namna mtu anavyojijua, na chumba kimoja ni cha mambo ambayo wenzako wanayaona kwako wewe huyaoni. Msimamizi anayeguna hajui kwamba anaguna. Muulize, atakwambia mlango wake uko wazi saa zote.

Ukipewa zamu ya kusimamia, usiulize watu "mnanionaje?" Utajibiwa "uko vizuri tu, bosi." Huku kwetu mkubwa hasemwi usoni, si unafiki, ni malezi. Uliza jambo dogo linalojibika: "Jana malori yalipopanga foleni, niliongeaje?" Muulize mtu asiye na cha kupoteza kwako, kama mlinzi au mama wa chai. Mama wa chai anajua mengi kuliko faili lako la utumishi. Ijue na saa yako mbaya. Wengine ni asubuhi kabla ya kunywa chochote, wengine ni jua likizama na mizani bado ina kazi. Ukishaijua, waambie wenzako mapema, na maamuzi ya daraja usiyafanye peke yako saa hiyo.

Ila msiingie na mbio za kuibadilisha ofisi nzima mwezi wa kwanza. Mtaitwa watoto wa chuo, na kwa kweli wazee wa ghala wana sababu za mengi wanayoyafanya; ulizeni kwanza. Anzeni na kilicho mikononi mwenu, yaani kitabu chako na zamu yako. Kibarua akija kukwambia gunia limechanika, mshukuru, lishonwe, mzigo upimwe upya. Nani kalichana utauliza baadaye.