Ajali haina kinga? Uliza bega langu

Mvua ikikaribia, bega langu la kushoto linajua kabla ya watu wa hali ya hewa. Nililiumizia kwa matatu, Thika Road, Ijumaa moja jioni mwaka wa 2017. Mtulinga ulivunjika, nikakaa wiki sita mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, na hizo wiki sita zote kila mtu aliyekuja kuniona na maziwa ya pakiti na ndizi alisema kitu kilekile: ilikuwa imeandikwa, ajali haina kinga, shukuru Mungu siku yako haikuwa imefika.

Mimi nilikuwa naitikia tu, ndiyo, ndiyo, asanteni. Lakini usiku nikilala chali, maana ubavu haulaliki, nilikuwa nakumbuka stika.

Hii stika ilikuwa juu ya dirisha, karibu na kichwa changu, imechanika kona moja, neno ni ZUSHA kwa herufi kubwa. Kama ulikuwa unapanda mathree miaka hiyo unaijua, zilienea 2015, zinakuambia abiria kama dere anaendesha vibaya usinyamaze. Nami niliisoma. Niliisoma karibu mara kumi, sababu hakukuwa na kitu kingine cha kuangalia, nje ni giza na mvua, na dere anakata kushoto anakata kulia kama anayefukuzwa na nyuki. Mama aliyekaa kando yangu alikuwa anaomba kwa sauti ya chini. Mimi nimeshika chuma ya kiti cha mbele mpaka vidole vinauma. Gari imejaa watu wazima na kila mtu anaogopa, unaona tu kwa vile wamekaa, lakini hakuna aliyefungua mdomo. Mungu tulimwambia wote, dere hakuna aliyemwambia.

Halafu ikateleza, ikagonga chuma za kando, basi. Hakuna aliyekufa, nashukuru kwa hilo na sifanyi mzaha.

Sasa, neno lenyewe ajali limetoka kwa Kiarabu, ajal, yaani ule muda mtu aliowekewa, siku yake ya kuondoka. Kwa Kiswahili cha zamani ajali ilikuwa hiyo hiyo, majaliwa, mauti yaliyopangwa. Baadaye tukachukua neno hilo tukaipa lori iliyokatika breki. Kwa hivyo ukisema "kumetokea ajali" ushasema ilipangwa kabla hata hujauliza dere alikuwa spidi gani. Lugha yenyewe imemtolea dere dhamana!

Nyanya yangu wa Majengo alikuwa na leso imeandikwa "Jitihada haiondoi kudura", na alikuja kunitembelea akiwa ameivaa, nikadhani naye anakuja na ile ile ya imeandikwa. Akakaa, akaangalia bega, akaniuliza, "Mshipi ulikuwa umefunga?" Nikamwambia nyanya, mshipi wenyewe ulikuwa umeingia chini ya kiti, kifungo chake kimeshikana na bablish ya mtu. Akaguna. Akasema, "Mjukuu wangu, Mtume aliulizwa na mtu, nimfunge ngamia wangu ama nimwache nimtegemee Mungu? Akajibiwa mfunge, kisha tegemea." (Hiyo hadithi imo kwa kitabu cha hadithi za Mtume cha Tirmidhi, nilikuja kuambiwa baadaye.) Nikamuuliza na leso je? Akanijibu leso inasema jitihada haiondoi kudura, haijasema usifanye jitihada, soma vizuri. Huyo mama hakusoma zaidi ya darasa la tatu.

Na kuna watu walishapima hii maneno, sio nyanya yangu peke yake. Watafiti wawili wa chuo kikuu cha Georgetown, Marekani, James Habyarimana na William Jack, mwaka wa 2008 waliweka stika kama hizo kwa matatu za masafa marefu hapa Kenya, zingine wakaziacha hivyo hivyo bila stika, halafu wakalinganisha madai ya bima. Kwa zile zenye stika madai yalipungua kwa nusu mpaka thuluthi mbili. Karatasi tu! Gari ni zile zile, barabara ni zile zile, na kama kuna kitabu huko juu ni kile kile. Kitu kinachonichekesha ni kwamba ili madereva wasizibandue stika, waliingizwa kwenye bahati nasibu. Yaani kupigana na majaliwa ilibidi wasaidiwe na bahati.

Lakini nisijifanye ati kila kitu ni kuchagua, hapo pia nitakuwa nadanganya. Ile jioni nilipanda hiyo gari sababu fea ilikuwa 80 na zingine zote steji zilikuwa zinaitisha 150, mvua si unajua, na kwa mfuko nilikuwa na mia na kitu. Mwenye gari yake hajawahi kuchagua hivyo. Na dere naye ana hesabu ya mwenye gari, asipoifikisha jioni kesho gari inapewa mwingine, kwa hivyo ukimwambia apunguze mwendo unamwambia apunguze unga nyumbani. Kudura zingine ni bei ya nauli tu, zimepangwa na watu tunaowajua.

Ninachokushauri, na nimekijaribu, ni hiki: "imeandikwa" ni neno la jana. Ni neno la matanga, la kumwambia mama aliyefiwa ili asijilaumu mpaka awe mwendawazimu, na hapo ni neno zuri sana, lisemeni. Shida ni tukilitumia kwa kesho. Beshte yangu mmoja anabet kila wikendi akisema bahati yake iko njiani, mwingine ana uvimbe tangu Januari haendi hospitali ati kama ni yake ni yake. Ukijisikia unasema "imeandikwa" juu ya kitu ambacho bado hakijatokea, jichunguze, mara nyingi ni woga ama uvivu umevaa kanzu.

Kwa matatu, sema mapema kabla moyo haujaanza kudunda, ukichelewa unatoa sauti ya ugomvi na dere anajibu kwa mafuta. Mimi huambia konda, si dere, "boss, tunaomba pole pole, kuna watoto." Ngoja kidogo. Karibu kila mara mtu wa pili anasema, na wa tatu ndiye anapiga kelele. Wasiposikia shuka, fea isamehe.

Wiki jana nilisema hivyo hivyo. Mzee mmoja mbele yangu akageuka, kofia ya sufu, akaniangalia na huruma, "Kijana, wacha woga, siku ikifika imefika." Sikumjibu, ni mzee. Tukaenda kidogo, konda akapiga bodi, "Mishipi, mishipi, karao mbele!" na unajua vile inakuwanga, gari nzima inainama kutafuta mishipi chini ya viti. Wa kwanza kufunga alikuwa yule mzee.