Umechaguliwa mjumbe wa mkutano mkuu? Anza na kabrasha

Ukishachaguliwa mjumbe wa mkutano mkuu wa chama cha walimu, mtu wa kwanza kukupongeza atakuuliza posho ni shilingi ngapi. Usimkasirikie. Mimi niliulizwa, na ukweli ni kwamba hata mwenyewe nilikuwa natamani kujua. Nimeshakwenda mkutano mmoja wa mkoa na miwili ya taifa. Chama changu sitakitaja, maana siku hizi walimu Tanzania tuna vyama zaidi ya kimoja na ninayoyaandika yanafaa kote. Mengi nimeyajua baada ya kuyaharibu.

Kabla hujatafuta begi la safari, kaa na wenzako shuleni. Mara ya kwanza sikukaa nao. Niliaga tu wakati wa chai, nikapanda basi, nikawa mjumbe asiye na ujumbe. Mara ya pili nilichukua chaki nikaandika kwenye ubao wa ofisi ya walimu: mshahara wa 800,000, makato ya chama 2%, sawa na 16,000 kwa mwezi, 192,000 kwa mwaka. Tupo walimu 14. Hata tukichukulia wote wana mshahara huo mmoja, ni 2,688,000 kwa mwaka kutoka shule moja ya kijijini. Mama mmoja wa darasa la kwanza, aliyebakiza miaka miwili astaafu, aliutazama ubao kwa muda, kisha akasema, "Kumbe mwanangu tunakutuma na ng'ombe." Tangu hapo hakuna aliyeniuliza habari ya posho. Waliuliza ng'ombe hao, yaani makato yetu, wanakwenda wapi.

Andika wanayokuambia, na uyachambue hapohapo. Kuna madai ya mtu mmoja: uhamisho wa fulani umekwama, daraja la fulani limerukwa, fulani hajalipwa fedha ya likizo. Hayo yana njia yake, yaanzie kwa mwakilishi wa shule na ofisi ya wilaya, ukiwa na nakala za barua. Mkutano mkuu hauna muda nayo, na ukiyasimamia ukumbini utakatizwa mbele ya watu. Lakini walimu sita wa kata moja wakiwa na dai la aina moja, hiyo tayari ni hoja.

Sasa kabrasha. Mezani pa kujiandikisha utapewa kitambulisho, begi, kalamu, fulana, kofia, na ndani ya begi rundo la karatasi. Wajumbe wengi hutoa fulana kwanza waone kama itawatosha. Wewe toa karatasi. Utakuta kumbukumbu za mkutano uliopita, yatokanayo na kumbukumbu hizo, taarifa ya utekelezaji, hesabu zilizokaguliwa, makadirio ya mapato na matumizi, na mara nyingine mapendekezo ya kurekebisha katiba. Hotuba ya mgeni rasmi haina haraka, utaisikia tu. Chama kinaendeshwa na hayo mengine, na ukifika asubuhi hujayasoma utaitikia "ndiyo" pamoja na ukumbi mzima bila kujua umeitikia nini.

Mimi huanzia kwenye hesabu. Sikusomea uhasibu, nafundisha Kiswahili na Uraia, lakini hesabu za chama si ngumu kama zinavyotisha. Soma maoni ya mkaguzi kwanza, yapo kurasa za mwanzo. Kisha weka makadirio ya mwaka uliopita kando ya matumizi halisi, mstari kwa mstari, ukishuka na rula. Mkutano wangu wa pili wa taifa tulikuwa wawili kwenye chumba cha gesti, umeme umekatika, tunamulika kwa simu. Rula ya mwenzangu ikasimama kwenye mstari wa "mengineyo". Fedha zake zilikuwa zimezidi zile za mstari wa mafunzo ya wawakilishi wa shule. Kesho yake aliuliza swali moja, kwa sauti ya kawaida, akitaja ukurasa: mengineyo ni nini na nini? Mhasibu alijibu bila kusita, akasoma mchanganuo, na mwenyekiti akaagiza mwaka unaofuata mstari huo utenganishwe. Swali halikuchukua hata dakika moja. Waliosimama kabla yake wakapayuka kuhusu "ufujaji" bila namba ya ukurasa walipigiwa makofi tu, basi.

Makofi yaogope. Mkutano wangu wa kwanza wa taifa mada ilikuwa kikokotoo cha pensheni, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, jambo lililokuwa linawachoma walimu wote. Kanuni za 2018 zilishusha malipo ya mkupuo, yale yanayotolewa kwa mara moja mtu anapostaafu, kwa wastaafu wa serikali kutoka 50% hadi 25%. Desemba mwaka huohuo Rais John Magufuli akazisitisha, Julai 2022 ikaja 33%, kisha bajeti ya 2024 ikapandisha hadi 40% kwa wale ambao zamani walikuwa wanalipwa 50%. Leo nayaandika haya kwa mpangilio. Siku ile sikuwa na hata namba moja. Nilipopewa kipaza sauti nilisema walimu tumechoka, mwalimu ni mshumaa unaowaangazia wengine huku wenyewe unateketea, na mengine ya namna hiyo. Ukumbi ulilipuka. Mzee mmoja wa Tabora alinishika mkono akaniambia, "Umetusemea, mwalimu." Nilirudi kitini natetemeka kwa raha.

Kumbukumbu za mkutano ziliponifikia, nilijitafuta. Dakika zangu zote zilikuwa mstari mmoja: "Mjumbe alichangia kuhusu maslahi ya walimu."

Na katibu hakunionea. Angeandika nini? Sikupendekeza kitu. Mkutano hauna mahali pa kuweka uchungu, una mahali pa kuweka azimio, na azimio lina viungo vyake: nani afanye, afanye nini, kufikia lini, atoe taarifa wapi. Pensheni haiamuliwi na mkutano wa chama, inaamuliwa na serikali na Bunge. Kwa hiyo azimio la maana lingekuwa kuiagiza kamati ya utendaji iandae mapendekezo yenye namba, iyapeleke kunakohusika kabla ya vikao vya bajeti, na irudi na taarifa ya maandishi. Sentensi mbili tu. Siku hizi naziandika kwenye karatasi usiku, natoa nakala, asubuhi nampelekea katibu kabla kikao hakijafunguliwa, na ninapopewa nafasi nazisoma kama zilivyo. Sipigiwi makofi kabisa, ila kwenye kumbukumbu naziona neno kwa neno.

Kila mkutano kuna mtu atasimama aseme tugome. Usimcheke, na usimfuate kabla hujajua yaliyotokea 2012. Tarehe 30 Julai mwaka huo Chama cha Walimu Tanzania kilianza mgomo wa nchi nzima. Madai yao walikuwa wameyapigia hesabu: nyongeza ya mshahara ya 100%, posho ya kufundishia ya 55% kwa walimu wa sayansi na 50% kwa wa sanaa, na 30% kwa wanaofundisha kwenye mazingira magumu. Tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ikasema mgomo haukuwa halali, walimu wakaamriwa kurudi darasani. Siku nne tu. Anayetaka kutoa hoja ya mgomo aje na sheria mkononi: majadiliano yamefikia wapi, usuluhishi umeshindikana rasmi au bado, notisi inatolewa vipi. Akijibu hayo, msikilize vizuri.

Utaratibu wa ukumbi utauzoea haraka. Ila kujua kusimama "kuhusu utaratibu" ni silaha: mwenyekiti lazima akusikilize kabla mjadala haujaendelea. Itumie pale tu taratibu zinapovunjwa. Ukiitumia kuchomekea mchango wako, hutaaminiwa tena mkutano mzima.

Uchaguzi unapita kila miaka mitano na huo una kelele zake, sitausemea sana. Usiku wapambe watakuita mshikaki na soda. Nenda kama una njaa, lipa chako, rudi ulale. Kura ni ya siri, na yule aliyekununulia soda anajua hivyo kuliko wewe.

Jambo dogo linaloangusha mikutano mikubwa ni saa. Asubuhi ukumbi umejaa, kamera zipo, wimbo wa mshikamano unaimbwa ngumi juu. Marekebisho ya katiba hufika saa kumi na moja jioni, nusu ya wajumbe wakiwa stendi wanatafuta basi la usiku. Katiba nyingi zinataka theluthi mbili kwa mabadiliko, kwa hiyo hesabu watu. Kama viti vitupu ni vingi, simama uulize akidi, yaani kama idadi ya wajumbe inayotakiwa imetimia. Kwangu, kutoka Dodoma hadi Songea ni safari ya siku nzima, kupitia Mtera, Iringa na Makambako, na najua mtu anavyotamani kuwahi. Ndiyo maana tiketi yangu huikata ya kesho yake asubuhi. Pale Mtera nanunua samaki wa kukaanga wa nyumbani, na risiti ya nauli naitia ndani ya kitambulisho isipotee, maana bila risiti marejesho ya nauli yana usumbufu.

Ukirudi, omba dakika 20 wiki hiyohiyo, kabla maneno hayajachacha. Usisimulie hoteli. Bandika maazimio ukutani, karibu na ratiba ya vipindi, na kando ya kila moja andika tarehe ya ahadi. Mimi nilibandika matano. Yule mama wa darasa la kwanza alivaa miwani, akayasoma yote hadi chini, akachukua kalamu nyekundu ya kusahihishia. Kwenye azimio la tatu, lile la mafunzo ya wawakilishi, akachora alama ya kuuliza.

"Hili halina tarehe," akasema.

Nikapiga simu wilayani mchana huohuo.