Posti ziende zenyewe nikiwa botini

SWALI: Assalam alaykum shangazi, miye nauza halua hapa Wete, kila nikipanda boti kwenda Unguja neti inakata katikati ya maji na siposti kitu mpaka nishuke Malindi, bandarini kule Unguja. Kuna kijana kanambia zipo programu za kupanga posti mapema, ila anataka paswedi yangu ya Instagram na Facebook. Nimpe?
— Muuza halua, Wete

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Usimpe, hata kama ni mtoto wa jirani! Programu za maana kama Buffer au Hootsuite hazihitaji umtajie mtu paswedi, zinakupeleka Instagram kwenyewe, unaingia kule kule halafu unabonyeza kuruhusu, na siku ukichoka unaifuta ruhusa kwenye setingi, kwishne. Posti inakaa kwenye seva zao, yaani kompyuta zao huko mtandaoni, kwahiyo simu hata ikizima charji itatoka tu.

Ila akaunti ya Instagram igeuze iwe ya biashara, na Facebook uwe na peji, maana tangu 2018 programu za nje haziposti kwenye profaili ya mtu binafsi. Na kama ni hizo mbili tu, mbona Meta, wenye Instagram na Facebook, wana Business Suite yao ya bure ya kupanga posti, ya nini kuhangaika?

Saa sasa, hapa ndo wengi wanaumia. Ukitaka itoke saa 2 usiku andika 20:00, ukiandika 2:00 itatoka saa 8 usiku, nani ataagiza halua saa hizo jamani. Saa za eneo weka Nairobi au Dar es Salaam, ni zetu hizo hizo.

Wateja wakiuliza bei utajibu ukishashuka.